Unga wa Nyumba ya Kumi na Mbili

Mimi ni mtu wa kujisifu, wala sioni haya. Wajukuu zangu hunicheka kwamba mgeni akipita kuomba maji ya kunywa, kabla hajarudisha kata nimeshamwambia kuwa zile nyumba kumi na mbili zilizojengwa na baraza karibu na stesheni, mapaa yake niliyaweka mimi. Ni kweli nawaambia. Na kwa kuwa nilijifunza kuandika nikiwa mtu mzima, katika darasa la misheni ambako nilikaa benchi moja na watoto wa rika la mwanangu, nimeona nijisifu kwa kalamu pia.

Ulikuwa mwaka ule reli ilipofika Dodoma, enzi za Wajerumani. Mahali ilipo stesheni palikuwa na matembe, na moja lilikuwa la mama yangu. Kwa asiyelijua tembe, ni nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa na la udongo vilevile, nayo inazunguka ua wanamolala ng'ombe. Milango inatazama uani. Upepo na wezi wanapewa mgongo. Wapimaji walipita wakipigilia vigingi, na kigingi kimoja kikaangukia jikoni kwa mama. Siku ya kubomoa alisimama kando ameshika fimbo yake, akaniuliza wamefika wapi, maana macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Nikamwambia wamefika kwenye kihenge cha mtama. Akasema, "Waambie kibuyu changu kiko nyuma ya mlango, wasikivunje." Hawakukivunja.

Waliokuwa na wana wa kiume walijengewa upya upande wa pili wa bonde, kazi ya siku chache kwa watu wengi na pombe ya kutosha. Mama hakuwa na mwana wa kiume. Alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa nimeolewa. Kwa hiyo nikamleta nyumbani kwa mume wangu, na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu kwetu mkwe ni mkwe. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni, hawakai uani pamoja, hawali wakionana. Mtu mwenye macho hujua la kufanya: akimwona mkwe anakuja, anapita njia nyingine. Mama yangu hakuweza kumwona mtu hadi awe karibu kabisa. Basi mume wangu, ambaye alikuwa mtu mwema, alikuwa akirudi kutoka kazi ya reli anaanza kukohoa tangu mtoni. Mama akisikia kikohozi anainuka na fimbo yake, anapapasa ukuta, anaingia kwenye chumba cha ndama na kukaa humo hadi mkwewe ale na kulala. Mwezi mmoja, miwili, mitatu. Mume wangu alikohoa hadi majirani wakaanza kumletea dawa.

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nikiumia. Mama yangu aliyekuwa na tembe lake, kihenge chake na mbuzi wake, sasa alikuwa anajificha na ndama.

Ndipo baraza likaitwa. Bwana shauri, yule Mjerumani aliyesimamia wilaya, aliweka kiti chake mbele ya boma la serikali, pembeni yake akida aliyetoka pwani, na majumbe wa vijiji wakakaa chini kwa kufuatana na umri. Ilisemwa kwamba kuna watu ambao reli imewatoa na hawana wa kuwajengea: wajane, wazee, kiwete mmoja na mkewe. Baraza likakata shauri kuwajengea nyumba kumi na mbili kwa mstari mmoja, kila moja vyumba viwili, zote zikitazama barabara. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake. Jina la mama liliposomwa, la kumi na mbili, la mwisho, nilihisi machozi yananijia nikayameza.

Kisha likaja suala la paa. Bwana shauri alitaka mabati, mabati yote yamekwenda stesheni. Akasema basi yawe majani. Majani gani? Ulikuwa mwaka mkavu, ng'ombe wenyewe walikuwa wakiyatafuta. Jumbe mmoja akasema tuweke udongo, kama tulivyozoea. Hapo akasimama msimamizi wa ujenzi, fundi wa mawe aliyetoka pwani akapitia Mpwapwa, mtu wa kanzu safi na maneno mengi. Akasema yeye amejenga nyumba za mabwana, na paa la udongo ni la zizi. Mvua ya kwanza tu, watu watalala kwenye matope na lawama zitamrudia yeye.

Ni hasira iliyoniinua, si ujasiri. Nilisema toka nyuma, bila kuitwa, kwamba mimi nimelala chini ya udongo tangu kuzaliwa na sijawahi kulowa, na kwamba wanawake wa hapa wanajua kuweka paa kuliko fundi yeyote aliyeshuka kwenye msafara. Watu wakaguna. Bwana shauri, ambaye Kiswahili alikijua vizuri ingawa alikizungumza kama anahesabu, akaniuliza, "Na likivuja?"

Ningeweza kusema tutalitengeneza. Badala yake nikasema, "Likivuja lolote katika haya kumi na mawili, nyumba ya mama yangu mpeni mtu mwingine."

Karani akaandika. Nilimwona akiandika, na hapo hapo nikatamani kuumeza ulimi wangu.

Mama alipopata habari hakunigombeza. Alikuwa amekaa na ndama mmoja akimkuna kichwa. Alisema, "Umeweka nyumba yangu rehani, mwanangu, hata hujaniuliza." Nikajitetea kuwa nilikasirika. Akaendelea kumkuna ndama, kisha akasema, "Haya. Basi weka vizuri."

Tuliweka vizuri. Wanaume walisimamisha nguzo na kulaza boriti, msimamizi akapiga kamba ili mstari usipinde, na kwa hilo nampa haki yake: mstari ulinyooka kiasi cha kumfurahisha mtu kuutazama tu, ingawa mama alisema zimepangwa kama watu wanaosubiri kuhesabiwa. Juu ya boriti zikaja fito, juu ya fito majani makavu yaliyopatikana. Kuanzia hapo kazi ikawa yetu. Tulichimba udongo wa kichuguu, maana mchwa wamekwisha kuuchekecha na hauna mawe. Tukauchanganya na jivu na samadi mbichi, tukaukanyaga kwa miguu hadi ukaacha kushika nyayo. Tulikuwa wanawake ishirini na kitu, tukipokezana vikapu hadi juu, na tuliimba nyimbo ambazo akida aliomba asitafsiriwe.

Siri ya paa la udongo ni kwamba lazima lipasuke. Unaweka tabaka la kwanza, unaliacha juani, linapasuka kila mahali. Ukiwa mjinga unaogopa. Ukiwa mjuzi unafurahi, kwa sababu paa limekuonyesha lenyewe wapi litakapovuja. Unapanda, unajaza kila ufa kwa kidole, kidole, si kwa mwiko, halafu unaweka tabaka jembamba, unasubiri tena. Mara tatu. Mara ya tatu nyufa zinakuwa nyembamba kama unywele, na hizo unazisiriba kwa samadi laini, na hapo umemaliza.

Sasa msimamizi alipanda ngazi siku ya tano, akaona mapaa yote kumi na mawili yamepasuka kama nyayo za mzee. Alishuka akitabasamu. Kabla ya adhuhuri alikuwa boma, na kabla ya alasiri bwana shauri mwenyewe alikuwa juu ya ngazi, kofia mkononi, akitazama nyufa.

"Mama," akaniambia, "hii ni nini?"

"Ni tabaka la kwanza, bwana."

"Limevunjika."

"Ndiyo. Ndivyo linavyotakiwa."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kuamua iwapo anadanganywa. Msimamizi akashauri kumwaga chokaa juu ya yote, siku moja, yaishe. Nikamwambia bwana shauri kwamba chokaa itafunika ufa bila kuuziba, na kwamba neno langu nililoandikiwa barazani ni la paa langu, si la chokaa ya mtu. Akasema, "Kwa hiyo ukiharibu umeharibu wewe." Nikasema ndiyo. Akavaa kofia yake akashuka. Nadhani siku hiyo ndiyo iliyonizeesha.

Tulimaliza wingu la kwanza likiwa linatokea upande wa Mpwapwa. Karani akapita na chokaa akaandika namba kwenye kila mlango, moja hadi kumi na mbili. Akida akatangaza kwamba hakuna mtu kuingia hadi mvua ipite na bwana shauri akague, na atakayekutwa ndani atapata kiboko. Kila mtu alijua akida hatanii kuhusu kiboko.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa wa akili, lazima nikiri. Bwana shauri alimwagiza karani aweke karatasi moja sakafuni katikati ya kila nyumba, imeandikwa namba kwa wino. Mvua ikinyesha na paa likavuja, karatasi itasema. Haina mjomba wala shangazi. Karani alipita na karatasi zake jua likiwa halijafika utosini, na mawingu yakiwa yamekwisha kukaa vizuri juu ya vilima.

Mvua ilikuja alasiri. Dodoma mvua haibishi hodi. Nilikuwa nyumbani, nikakaa mlangoni nikiisikiliza ikipiga paa letu, na nilikuwa najua kila ufa wa yale kumi na mawili kwa jina. Namba nne, kona ya nyuma. Namba tisa, juu ya mlango. Mama alikuwa chumba cha ndama, kwa kuwa mume wangu alikuwa amerudi mapema kukimbia mvua. Nikamwita kwa sauti, "Mama, unaisikia?" Akajibu, "Naisikia. Inanyesha vizuri." Alikuwa ametulia mno, na utulivu ule uliniudhi.

Ilipokatika tukaenda sote, kila mwenye jina kwenye orodha na ndugu zake, hadi mume wangu, ambaye alitembea hatua ishirini nyuma ya mama na kukohoa njia nzima. Barabara ilikuwa inatiririka. Bwana shauri alifika na viatu vyake virefu, msimamizi nyuma yake, karani na daftari. Walianza namba moja. Bwana shauri aliingia, akainama, akatoka na karatasi, akaiinua tuione. Nyeupe, kavu, namba moja imesimama safi kwa wino wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Namba mbili, kavu. Namba nne, kavu, na nikapumua. Namba tisa, kavu. Kufikia kumi na moja nilikuwa nimeshaanza kuwatazama watu usoni mmoja mmoja, ili wasisahau nani aliyeyaweka mapaa yale.

Namba kumi na mbili, bwana shauri alikawia kutoka.

Alipotoka hakuinua kitu. Aliniita kwa mkono nikaingia. Karatasi ilikuwa imekunjamana, ina madoa ya duara saba au manane, na wino wa namba umetambaa. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni.

"Imevuja," akasema bwana shauri. Hakuwa na furaha. "Pole, mama. Lakini imeandikwa."

Niliinua macho. Boriti kavu. Fito kavu. Nikamwomba bwana shauri, kwa kuwa yeye ni mrefu, apapase juu ya pale karatasi ilipokuwa. Alipapasa, akatazama kiganja chake. Kilikuwa na vumbi. Msimamizi akasema maji yaliweza kupita na kukauka. Yakauke saa ngapi, na mvua imekatika sasa hivi? Lakini sikuwa na nguvu ya kubishana, maana nilikuwa nimeona kitu kingine. Sakafuni, kutoka mlangoni hadi katikati ya chumba, kulikuwa na vitundu vidogo vya duara, kimoja kila hatua. Vitundu vya fimbo.

Nikaiokota karatasi, nikaisogeza puani, halafu mbele ya Mjerumani na mtu wa kanzu nikailamba.

Ilikuwa na unga. Unga wa mtama.

Yeyote wa kwetu angeelewa. Nyumba mpya haiingiwi hivi hivi. Mwenye umri huchukua maji na unga kidogo kwenye kibuyu, akaingia kwanza, akanyunyiza sakafuni, akawaambia waliotangulia kwamba hapa watakaa watu, wawaache walale salama. Bila hivyo umeingia kwenye udongo tu. Na mimi, katika kuhangaika na nyufa zangu, hilo sikulikumbuka hata mara moja.

Nilisimama na karatasi mkononi. Nikisema maji haya ni ya kibuyu, nyumba inapona, lakini mama amevunja amri na kiboko kipo. Nikinyamaza, mama anarudi kwa ndama. Sijui ningechagua nini. Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii, na mimi ambaye nina jibu la kila kitu sina jibu la hilo.

"Ni mimi," sauti ikasema nje.

Watu walimpisha. Alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya mlango bila kuvuka kizingiti, na akasema kwa Kiswahili chake alichokiokota kwenye misafara, "Mimi iko mwaga maji. Paa ya mtoto wangu haina tundu."

Akida akasogea. Bwana shauri akamzuia kwa kiganja kile kile chenye vumbi, akamuuliza mama kwa nini aliingia. Mama akamweleza habari ya unga na maji, kwa utaratibu, kama anavyomweleza mtoto. Bwana shauri alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria: mbona zile kumi na moja ni kavu? Kama desturi ni ya kila nyumba, wenyewe hawakunyunyiza?

"Nimenyunyiza mimi," mama akasema. "Zote. Tangu alfajiri. Hawa wengine wanaogopa kiboko. Mimi mzee, kiboko itanifanya nini." Alianzia namba moja, akaenda akipapasa ukuta na kuhesabu milango, na kila nyumba akaiombea kwa jina la mtu wake: ya kiwete na mkewe, ya mjane wa mhunzi, zote. Maji yakamwishia katika ya kumi na moja. Ikabidi arudi hadi mtoni kujaza kibuyu, na mtoni kwa macho yake ni safari. Aliporudi karani alikuwa amekwisha kupita. Karatasi hakuiona.

"Kwa nini hukuanza na yako?" bwana shauri akauliza.

Mama alishangaa, niliona kwa namna alivyoinua kichwa. "Yangu?" akasema. "Yangu si ya mwisho?"

Bwana shauri alimgeukia karani akamwambia aandike: nyumba kumi na mbili, hazivuji. Karatasi akaikunja mara mbili akaitia mfukoni. Habari ya kiboko haikutajwa tena, na akida, nampa haki yake naye, alijifanya anakagua mfereji.

Nilimshika mama mkono ili nimwingize. Akakataa.

"Siwezi kuingia," akaniambia kwa lugha yetu. "Maji yote nimemwagia karatasi, na karatasi imekwenda boma. Sasa boma ndilo lililobarikiwa." Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na unga umeisha. Ule ulikuwa wa mwisho."

Ulikuwa mwaka mkavu, nimeshasema. Hakuna aliyekuwa na unga wa kuchezea. Lakini mjane wa mhunzi, wa namba tatu, aliondoka bila kuaga, akarudi na unga unaotosha vidole vitatu kwenye jani. Akafuata mke wa kiwete. Akafuata wa namba saba, kizee ambaye hakuwa na meno wala mbuzi, naye alileta pumba, akasema zina unga ndani yake ukitafuta. Kumi na moja walikuja. Kibuyu kilijazwa maji na mume wangu, aliyekimbia mtoni na kurudi akikohoa, na akakiweka chini mbali, amegeuza uso, mama akakichukua.

Wakamnyang'anya. Walimwambia leo si kazi yake. Waliingia mmoja baada ya mwingine, kila mtu akanyunyiza, kila mtu akamtaja mama yangu kwa jina, na mama alisimama nje kwenye matope ya barabara amejikunja juu ya fimbo, akisikiliza jina lake likitajwa mara kumi na moja chini ya paa langu. Wa mwisho, yule wa namba kumi na moja, alipotoka akaniambia, "Mwingize sasa."

Nilimwingiza. Sakafu ilikuwa imelowa chepechepe, utadhani paa limevuja kweli.